Ufunguo wa Choo cha Soko

Walinikalisha mbele, kwenye kiti cha plastiki,
ukumbi wa kata, Kibaigwa, Jumanne ya mavuno,
vumbi la mahindi limeingia hadi kwenye maji ya chupa.
Diwani akasema: "Mama Nyemo, umewafagilia wote wawili,
Halmashauri miaka tisa, mzabuni mwaka mmoja na nusu.
Tuambie. Turudishe choo, ama tumwongezee mkataba?"

Mheshimiwa, nianzie kwenye kitasa.
Zama za Halmashauri kitasa kilikufa mwezi wa pili.
Nikaandika barua. Barua ikaenda Kongwa,
ikalala kwenye faili, ikasubiri fungu,
fungu likasubiri robo ya mwaka,
robo ikasubiri gari la mhandisi lipone.
Mwezi wa nane nilikuwa bado nasimama mlangoni
nimetandaza khanga, pazia la wake za watu.
Choo kilikuwa cha bure, ndiyo.
Hata inzi walikuwa hawalipi.

Akaja mzabuni. Simsingizii mtu:
kitasa alikileta siku ya kwanza, mfukoni mwa koti,
akakifunga mwenyewe
kwa bisibisi aliyoazima kwa fundi redio.
Simtanki, lita elfu mbili. Sabuni. Taa
inayowaka mpaka malori ya usiku yamalize kupakia.
Mshahara wangu ukaingia tarehe moja,
nikauhesabu mara tatu kama pesa ya kuokota.

Na mlangoni akaweka kile chuma kinachozunguka.
Klak, mtu. Klak, mwingine.
Kina namba tumboni, na jioni
namba na sarafu lazima zisalimiane.
Shilingi mia tatu.

Mia tatu ni nini?
Kwa tajiri wa alizeti ni chenji ya kusahau kwenye dashibodi.
Lakini Mbijima, yule kuli wa ghala namba nne,
gunia moja analipwa mia mbili.
Hebu piga hesabu kwa mgongo wake:
gunia moja na nusu, kwenye ubao unaonesa,
ili akajisaidie.
Siku tumbo lilipomchafuka alienda mara tano.
Gunia saba na nusu, mheshimiwa,
na tumbo halisubiri robo ya mwaka.
Mara ya tatu hakuja kwangu. Alipita nyuma ya malori,
akashuka korongoni,
palepale mvua za Desemba zinapopita
kwenda kwenye visima vya mchanga kule bondeni.

Nikamwambia mzabuni. Akanionyesha karatasi,
kiasi anachopeleka kila mwezi, iwe mvua iwe njaa.
"Mama, mimi nimekodi tu. Wenye choo ni wale."
Nikamfuata afisa biashara.
"Tumeshakodisha, mama. Mwenye choo ni yule."
Nikarudi na ufunguo wangu kiunoni,
ufunguo wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Mkataba nilisomewa.
Kuna kifungu cha rangi ya ukuta.
Kuna kifungu cha bango, na ukubwa wa herufi zake.
Cha mtu asiye na mia tatu
sikukisikia, labda nilikohoa.

Basi mimi changu ninacho, kwenye pindo la khanga:
mia sita kila siku, pesa ya mboga yangu.
Moja ya Mbijima.
Moja ya yule dada muuza ubuyu mwenye mimba ya miezi minane.
Klak. Klak.
Jioni namba na sarafu zinasalimiana
na mzabuni ananisifu kwa uaminifu.

Nilisema hayo yote. Karani hakuinua kichwa.
Juzi nimeuona muhtasari umebandikwa ubaoni:
*Mdau wa usafi aliunga mkono hoja.*
Hoja ipi, hawakuandika.
Nilitaka kurudi ndani kuuliza,
lakini ilikuwa saa saba, malori yanaingia,
na ndoo ya pili ina tundu.